SISTA, NANI KAKUTUMA UWATETEE WACHAMBUZI?

SEHEMU YA 1

Haya jamani. Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, uji wa mtoto uko jikoni, na kabla sijaweka kichwa kwenye mto nataka niwajibu. Nitaandika kwa vipande maana ni ndefu. Nikisinzia katikati, nitaendelea jioni.

Wiki iliyopita niliandika mistari minne tu hapa. Nilisema kabla hujaingiza albamu mpya ndani ya nyumba yenye watoto, tafuta kwanza mchambuzi aliyeisikiliza mpaka mwisho na anayeujua muziki, usiende kwa wingi wa laiki na komenti. Basi! Mkanishukia kama mwewe kwenye vifaranga. "Sista rudi wodini." "Masikio ni yangu, sihitaji mtaalamu wa kuniambia kitamu." "Hao wachambuzi wote wanahongwa." Dada mmoja akamaliza kabisa: "Kwani nani kakutuma uwatetee?"

Sijatumwa. Nimeungua.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa anatimiza miaka saba. Baba watoto kanunua keki, mama mkwe kasafiri na basi kutoka kijijini, mimi nimeomba ruhusa kazini. Kazi yangu nyingine ilikuwa muziki. Nikasema safari hii sitapiga zile ngoma za kila siku, natafuta albamu mpya nzima, ijipige yenyewe wakati mimi niko kwenye pilau. Nikaingia kwenye simu. Kulikuwa na albamu imetoka wiki ile, ya msanii simtaji, na chini yake komenti kama mchanga: moto, moto, moto. "Hakuna wimbo wa kuruka humu." "Ya familia kabisa, hata na mzazi unasikiliza." Laiki maelfu. Nikamaliza bando langu la wiki kuipakua.

Wimbo wa kwanza mzuri, ule uliokuwa unapigwa kila daladala. Wa pili haukuwa na shida. Wa tatu ukaanza, watoto kumi na wawili wako katikati ya sebule wanaruka, mama mkwe ana sahani ya pilau mapajani. Sirudii maneno yale hapa. Binti yangu akaja jikoni anakimbia: "Mama, bibi anakuuliza hilo neno maana yake nini." Hakuwa anauliza maana. Nilipofika sebuleni sahani ilikuwa chini, na mama mkwe akasema kwa upole, ule upole unaoujua wewe uliyeolewa: "Mwanangu, kumbe hizi ndizo mnazowasikilizisha wajukuu zangu."

Usiku nikarudi kwenye zile komenti, safari hii kwa jicho la mtu anayesoma faili la mgonjwa. Albamu ilitoka saa sita kamili usiku. Ina dakika karibu hamsini. Komenti ya "hakuna wimbo wa kuruka" iliandikwa saa sita na dakika nne.

Hebu piga hesabu hiyo mwenyewe, mimi naenda kuutoa uji.

SEHEMU YA 2

Nimeamka. Naona mmeshafika mia na kitu, na wengine mnasema nalaumu wasikilizaji wote kwa sababu ya mmoja. Ngoja nieleze ninachopinga hasa.

Mtoto akizaliwa, dakika ya kwanza na dakika ya tano tunampa alama. Wengi wenu mmetusikia tukizitaja juu ya vichwa vyenu, nane, tisa, kumi. Inaitwa Apgar, kwa jina la Virginia Apgar, daktari wa Marekani aliyeibuni mwaka 1952. Tunaangalia vitu vitano: mapigo ya moyo, kupumua, misuli, mtoto anavyoshtuka akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila kimoja kinapata sifuri, moja au mbili, halafu unajumlisha. Sasa nikimpigia daktari saa tisa usiku nikamwambia "huyu ana tano" nikanyamaza, atanirukia. Tano ya nini? Amekosa kwenye pumzi au kwenye rangi? Mapigo je? Namba ni njia fupi ya kusema mambo matano ambayo nimeyaangalia kwa macho na kwa mikono yangu. Kama sikuyaangalia, namba yangu ni uongo uliovaa yunifomu.

Nyota tano ulizoiwekea albamu jana ni tano za nini? Sauti? Mashairi? Upigaji? Au ni kwa sababu msanii ni wa timu yako, na usipomwekea tano wale wa timu nyingine watacheka? Tusidanganyane. Nchi hii tumeishi miaka ya Timu Diamond na Timu Kiba, tumeona watu wazima wenye ndoa zao wanatukanana usiku kucha kwa ajili ya wimbo ambao hawajaumaliza. Mle ndani kuna mashabiki, kuna machawa wanaolipwa kusifia, na laiki zenyewe zinanunuliwa kama nyanya. Halafu wewe mama wa watu, una watoto watatu na bando la elfu mbili, unaingia mle kutafuta ushauri.

Na wachambuzi nao wana ugonjwa wa namba, sikatai. Kuna Pitchfork ya Marekani, iliyoanza mwaka 1996, wanatoa alama mpaka nukta, kutoka 0.0 hadi 10.0. Mwaka 2004 waliipa albamu ya Travis Morrison, Travistan, 0.0 kavu. Namba ile siipendi, ni ukatili wa bure. Lakini angalia: juu yake kuna jina la mtu aliyeandika, na chini yake kuna maelezo. Unaweza kusoma sababu zake ukasema huyu kachemka. Ile komenti ya dakika nne utaibishia wapi? Imesema "moto".

Kitu kingine tunachojifunza mapema sana kazini: anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele. Mtoto mchanga akitoka analia mpaka dari inatikisika, sisi tunatabasamu. Akitoka kimya, ndipo wote tunakimbia. Hata mapokezi, mgonjwa anayegombana na mlinzi unaweza kumwambia subiri kidogo baba, lakini yule aliyeinamisha kichwa kwenye benchi la mwisho ndiye unayemfuata na kipimo cha presha. Sasa mfumo wa laiki unafanya kinyume kabisa. Unamfuata anayepiga kelele tu. Yule dada aliyerekodi nyimbo tisa kwa hela ya vikoba, hana meneja, hana chawa, hana kiki ya kuachana na mtu wiki ya uzinduzi, yuko benchi la mwisho. Nani atamfuata na kipimo? Laiki haiwezi kumwona, maana hazipo. Anamwona mtu mwenye kazi ya kupita kila benchi.

Huyo ndiye ninayemtetea.

SEHEMU YA 3

"Wanahongwa." Hii nimeiacha makusudi kwa sababu ina ukweli, na inauma.

Ndiyo, wapo watangazaji na ma-DJ waliokula hela za wasanii ili wapige wimbo, na wapo waliokataa kupiga wimbo mzuri kwa sababu mwenyewe hakuja na bahasha. Msanii yeyote wa zamani ukikaa naye atakusimulia. Lakini niambieni: nesi mmoja akiomba rushwa, mnasema tuwafukuze manesi wote, kila mama ajizalishe mwenyewe nyumbani na komenti za majirani? Mnasema huyo nesi achukuliwe hatua, mletewe mwingine. Mchambuzi anayeuza mdomo wake ni mchambuzi mbovu. Dawa yake ni mchambuzi mzuri.

Na wanakosea, tena makosa makubwa. Jarida la Rolling Stone lilianza San Francisco mwaka 1967. Mwaka 1969 likaichana vibaya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Mwaka 2003 jarida hilohilo likaiweka albamu ileile kwenye orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote. Aibu? Aibu. Lakini tunaijua aibu hiyo kwa sababu iliandikwa, ikawekwa jina na tarehe. Mimi kila dawa ninayompa mgonjwa naandika saa na naweka saini. Nikikosea, kesho mwenzangu anafungua faili anaona ni mimi. Saini hainizuii kukosea. Inanizuia kukimbia. Komenti haina saini, ina picha ya ua waridi na jina "Mtoto wa Mjini 255".

Wanaume zenu, hebu tuwaangalie kidogo. (Mwanaume unayesoma hapa kwa kuchungulia simu ya mkeo, karibu, kaa.) Asubuhi saa mbili redio inafunguliwa, wachambuzi wa soka wanaingia, na mtu mzima anasikiliza masaa mawili watu wanabishana kwa nini kiungo wa Simba alirudi nyuma dakika ya sabini, au beki wa Yanga alisimama vibaya. Sijawahi kusikia mwanaume anasema "macho ni yangu, sihitaji mchambuzi wa kuniambia mpira". Anataka kuambiwa. Anambishia mchambuzi ndani ya daladala kama vile anamsikia, na anafika kazini anajua mpira zaidi ya alivyoamka. Nani anatufanyia hivyo kwa albamu? Ipo wapi saa moja kwa wiki ambapo mtu mwenye masikio anaifungua albamu mpya wimbo kwa wimbo, anasema huyu dada sauti inamwishia kwenye noti za juu, gita la wimbo wa tano sikiliza linavyojibu, wimbo wa saba ni wa kujazia tu, na mama mwenye watoto ajue wa tatu una matusi? Sentensi moja hiyo ya mwisho ingeniokolea pilau yangu.

Marehemu baba alikuwa na mtangazaji wake wa Jumapili usiku. Sikumbuki jina lake, nakumbuka sauti. Hakuwa anapayuka. Alikuwa anasema bendi, mwaka, nani kashika solo, nani kaimba sauti ya pili, halafu ananyamaza muziki unapita. Baba alikuwa anabishana naye: "Hapo umekosea bwana, huyo siye." Mimi niko chini ya meza nachora. Ndivyo nilivyojua kwamba wimbo una watu ndani yake, haujaanguka tu kutoka kwenye spika.

Sasa badala ya mchambuzi tumebaki na mfungiaji. Mwaka 2018 BASATA ilipoufungia ule wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond, watoto wa mtaani kwangu walikuwa wanaujua wote, na waliouliza "umefungiwa kwa nini" ndio wakautafuta. Kufungia si kuchambua. Mfungiaji anakwambia usisikilize. Mchambuzi anakwambia kuna nini humu, umri gani unafaa, kizuri kipi, kibovu kipi, halafu anakuachia wewe mzazi uamue. Mimi nataka kuamua mwenyewe. Lakini niamue nikiwa najua.

Na msidhani Ulaya na Marekani wako salama. Hiyo Pitchfork niliyoitaja, Januari 2024 wenye mali walitangaza kuiingiza chini ya GQ, jarida la wanaume la mitindo, na watu wakapunguzwa kazi. Kila mahali anayelipwa kusikiliza mpaka mwisho anaonekana gharama.

SEHEMU YA 4

Ya mwisho, halafu naenda zamu.

Mmoja wenu kaniuliza swali la maana, nikalibeba siku nzima: "Sista, lakini mama mwenzangu akiniambia albamu fulani inamtuliza mtoto, si ushahidi huo? Mchambuzi ana mtoto?"

Ni ushahidi. Na hapa nakubali mama anamshinda mchambuzi. Kuna mama mmoja aliniambia kwenye korido kwamba albamu moja ya kaswida inafaa kunyonyeshea pacha mpaka wimbo wa nne, wa tano una zumari linaanza ghafla, wote wawili wanaamka. Mchambuzi hawezi kunipa hiyo. Lakini angalia alivyosema. Kasema wimbo wa ngapi, kasema saa ngapi, kasema kilichotokea. Huyo mama kafanya uchambuzi! Tatizo langu si mama. Ni "moto moto".

Na hata mama mkweli ana mpaka wake. Anaweza kukwambia mtoto alilala. Hawezi kukwambia kwa nini. Mnakumbuka zile albamu za Mozart za watoto wachanga, "mtoto wangu kawa na akili tangu nianze kumpigia"? Mizizi yake ni utafiti wa mwaka 1993 uliotoka kwenye jarida la Nature. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, hakukuwa na kichanga hata kimoja. Walisikiliza Mozart dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kupanga maumbo, na baada ya kama robo saa faida ikaisha. Basi. Stori ikapita mdomo kwa mdomo, mama kwa mama, mpaka mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba hela ya serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa kina Mozart. Gavana mzima! Kila aliyesimulia alikuwa na nia njema, na aliyeurudia utafiti wenyewe akausoma mpaka mwisho ndiye aliyegundua kuwa watoto hawamo. Mpigieni mtoto Mozart kama mnampenda, muziki mtamu ule. Msinunue kama dawa ya akili.

(Na hili halisemwi na mchambuzi wala msikilizaji, naliongeza mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu: sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anayesikiliza muziki asizidi desibeli 75 kwa masaa 40 kwa wiki. Hiyo spika mliyoiweka sebuleni na ikatikisa glasi kabatini imeshapita hapo zamani. Punguzeni.)

Sasa niwaambie kilichoniliza, maana mnadhani ni pilau peke yake.

Usiku mmoja, zamu imetulia, nasoma uchambuzi wa muziki kwa Kiingereza kwenye simu. Mtu ambaye sitakaa nimwone anaeleza albamu iitwayo Siti of Unguja, ya mwaka 2020. Anaeleza udi ulivyo, sauti inavyopanda taratibu, taarabu ya zamani inavyokutana na mitambo ya siku hizi. Anasema mwimbaji ni Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad. Nikakaa wima. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili hikihiki! Kitukuu wake anaimba, albamu ipo, na kampuni iliyoitoa iko Uingereza. Mimi niko upande huu wa maji, boti tu na niko Unguja, na nimeletewa habari na mgeni. Kwa sababu yule mgeni kazi yake ilikuwa kupita kila benchi. Huku kwetu, wiki ileile, simu yangu ilikuwa inanionyesha nani kaachana na nani.

Singeli hivyohivyo. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli ya Dar, Sounds of Sisso. Wachambuzi wa Ulaya wakakaa chini wakaandika kurasa. Sisi wenye mali tulikuwa bado tunasema ni kelele za wahuni wa uswahilini. Sisemi lazima uipende. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma baada ya nyimbo tatu. Lakini ningependa mtu wa hapahapa, anayejua vigodoro vilivyoizaa, anieleze kwa Kiswahili kwa nini inakimbia vile na nani anaiendesha vizuri kuliko mwenzake. Akisema vibaya nimbishie. Sitaki kusubiri mpaka mtu wa London aniambie jirani yangu ana kipaji.

Siti Muharam nikampigia mama mkwe alipokuja tena. Sikumwambia kitu, niliweka tu, sauti ndogo, nikaendelea kuchambua mchele. Akasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akaacha kusuka ukili. Nikajua nimekwisha tena. Akasema, "Ongeza kidogo." Halafu akaanza kunisimulia harusi ya dada yake, gramafoni iliyoazimwa, na nani alikanyaga santuri ikavunjika. Stori ambayo hata baba watoto alikuwa hajawahi kuisikia.

Daladala yangu inaondoka saa kumi na moja, kwa hiyo nimalizie hapa. Mkitaka kunibishia nibishieni, nitasoma alfajiri wakati wagonjwa wamelala. Ila leo sitaki "moto", sitaki mioyo wala vikopa. Niandikie albamu moja mpya uliyoimaliza yote, wimbo uliokuchosha ni wa ngapi, mtoto alifanya nini, sauti ilikuwa juu kiasi gani, na weka jina lako.

Wewe dada wa "nani kakutuma", nakusubiri wewe kwanza.